Jeep Iliyokata Watu Masikio

Maneno yalimfikia Émérance sokoni Kasongo, akiwa ameinama anamimina mawese kwenye chupa ya mteja, na tangu hapo hayakumtoka kichwani. Aliyeyaleta ni Odile, jirani yake wa lupango kwa lupango, ua wake na wake vimepakana. Odile hana ubaya, ila habari ikimkaa mdomoni inamwasha kama pilipili.

"Mama Élysée, umesikia ya Kabambare?"

"Ya nani?"

"Ya nani tena? Ya mutoto wako. Wanasema kuna mama mumoja amefiwa na bwana yake, pale karibu na soko. Wanawake wakapiga kilio, barabara nzima ikazima radio. Hata muuza pombe alizima! Élysée yeye iko ndani ya jeep ya Moustapha, vioo vimefungwa, anapiga muzika ya ndoa. Wakamuita, hakugeuza hata shingo. Mupaka walipogonga mulango ndipo akashusha kioo, anawaangalia tu. Wanasema..." Odile akaangalia chupa ya mawese.

"Sema basi. Umekwisha kuanza."

"Wanasema ni kama mutu asiye na mama."

Kwetu kilio cha wanawake kikipanda, unazima kwanza, halafu ndipo unauliza ni nani aliyekufa. Hakuna anayefundishwa jambo hilo, mtoto anakua nalo kama anavyokua na meno. Mlevi anazima. Adui wa marehemu anazima. Asiyezima anataka watu wajue kwamba msiba wao ni takataka kwake.

"Watu wa Kabambare wanapenda kutunga," Émérance akasema, akajaribu kucheka. Lakini mawese yalikuwa yamepita mdomo wa chupa yanamshuka kwenye vidole.

Angeweza kukataa habari ile kabisa, angeweza hata kugombana na Odile pale pale, kama si mambo aliyokuwa anayaona nyumbani mwake mwenyewe.

Émérance ni mjane. Binti yake Darlène aliolewa Kindu. Nyumbani walibaki wawili, yeye na Élysée, kijana mzima mwenye ndevu, na kwa muda mrefu walikuwa wanaongea kama dada na kaka. Kisha, kidogo kidogo, Élysée akaacha kumjibu. Mama anauliza kutoka jikoni, "Utakula sombe au nikupashie maharagwe?" Kimya. Anauliza tena. Kimya. Anachungulia, anamkuta mtoto amekaa kwenye kiti anaangalia ukuta. Lakini Moustapha, tajiri wake mwenye ile jeep, akipita barabarani na lile koo lake nene, "Élysée, twende!", kijana anaruka mara moja.

Hapo ndipo palipomuuma. Sauti ya tajiri inasikika, sauti ya mama haisikiki. Kijana akiwa kazini Kabambare ilikuwa mbaya zaidi, maana mama akipiga simu, Élysée anasema, "Mama, mutandao ni mubaya, ongea na Moustapha," anampa Moustapha simu, na Moustapha anasikia kila neno. Mtandao gani huo unaobagua masikio?

Basi Émérance akazoea kuongea na sufuria. Aliiambia habari za soko, aliiuliza kama chumvi imetosha. Jioni alikula upande mmoja wa meza na mtoto wake upande wa pili, na kati yao unasikia vijiko tu.

Kazi ya Élysée ilikuwa kupanga sauti kwenye jeep. Moustapha alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na chumvi, lakini siku alipofunga bafle, yaani spika, kwenye jeep yake ya zamani aliona kwamba watu wanaihitaji sauti kuliko chumvi. Alifunga mbili kubwa nyuma, ndogo kwenye milango, na sanduku la sauti nzito chini ya kiti. Mwenye ndoa anaiita, kwaya inaiita, Waislamu wanaiita kwa Maulidi, wenye msiba nao wanaiita.

Na kila muziki una desturi yake. Pale mbele ya dereva kulikuwa na chombo chenye vifungo vya kuteleza: kushoto sauti nzito, katikati sauti ya watu, kulia sauti nyembamba. Rumba ikija, Élysée aliiacha nzito itembee chini polepole, akamnyanyua mwimbaji kwa kifungo cha katikati, na gitaa lilipoanza kukimbia aliongeza nyembamba kidogo sana, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mchuzi wa wageni. Kaswida ikija, alipunguza nzito ili dufu lisimeze maneno, kwa sababu watu wamekuja kusikia maneno. Kwaya alipenda kuisogeza kwenye bafle za milangoni, wanawake wapande juu ya wanaume bila kupiga kelele. Nyimbo za msiba aliziondolea nzito karibu yote. Alikuwa anasema mfiwa hapaswi kutikiswa kifua, kimekwisha kutikiswa.

Watu walimsifu. "Ile jeep inaongea kama mutu," walisema, na Émérance alitembea shingo juu.

Ila namna yenyewe ya kupanga! Alijifungia ndani, vioo juu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, kuanzia chai mpaka jua linaanza kuinama. Fundi aliyemfundisha ndiye aliyemwambia hivyo: sauti ndogo inaficha makosa, na kioo kikiwa wazi upepo unakudanganya. Élysée alitoka humo akicheka kwa nguvu, anapapasa masikio. "Yanaimba, mama. Yatanyamaza." Na mama alimpa maji ya kunywa. Nani angejua?

Siku chache baada ya maneno ya Odile, Émérance alifunga nguo mbili kwenye kitambaa, akamwachia Odile kuku wake, akatafuta pikipiki ya kwenda Kabambare. Alitaka kumuuliza Élysée uso kwa uso kama kweli amekuwa mtu asiye na mama.

Amisi, mwenye pikipiki, alikuwa na mdomo usiojua breki. Barabara imejaa mashimo, matope yanawafika magotini, yeye anaongea tu.

"Mama, shika vizuri. Ukianguka, mimi nitamuambia nini bwana yako?"

"Bwana yangu iko kaburini."

"Basi atafurahi kukuona! Shika, shika, nacheka." Mbele kidogo akauliza, "Unaenda kwa nani kule?"

"Kwa mutoto wangu. Élysée, wa jeep ya muzika."

Amisi akaongeza mwendo. Walipofika Wamaza, wakashuka kunyoosha miguu na kula ndizi, ndipo akasema bila utani, "Mama, usikasirike. Zamani muzika ya Élysée ilikuwa asali. Siku hizi inakata masikio kama wembe. Mwimbaji akisema 'Yesu', ile 's' inakuingia mupaka kwenye jino. Tunakimbia. Na yeye iko katikati anatikisa kichwa, anaona ni vizuri tu."

"Labda bafle imeharibika."

"Labda," Amisi akasema. Akaangalia pembeni.

Kabambare walifika mchana. Jeep haikuhitaji kuulizwa, ilijitangaza yenyewe kutoka mbali, sauti kali, nyembamba, kama bati linalokwaruzwa na msumari. Ilisimama ndani ya lupango la watu waliokuwa wanajiandaa kwa ndoa. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele walikuwa wamehama upande wa pili wa nyumba, na mmoja alikuwa ameziba masikio kwa ncha za kitambaa chake cha kichwa.

Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika pembeni. Émérance akasimama hapo, hatua moja tu kutoka kisogo cha mtoto wake, muziki ulipofika mwisho na gari likanyamaza.

"Élysée."

Kijana hakugeuka.

"Élysée, baba. Ni mimi mama yako."

Hakugeuka. Alikuwa amekaza kiganja chake kwenye mlango wa gari, pale bafle ilipo, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Akaanzisha wimbo mwingine, akaacha kiganja pale pale, akasukuma kifungo cha kulia juu zaidi. Hasira ya Émérance ikamtoka miguuni, ikaingia baridi mahali pake. Hii haikuwa dharau. Mwenye dharau anajua kwamba umemwita.

Moustapha akatoka nyumbani anafuta mdomo. "Élysée! Mama yako iko nyuma!"

Lile koo nene lilipenya. Kijana akageuka, uso ukafunguka kama wa mtoto mdogo, akatoka mbio akamkumbatia. "Mama! Umefika namna gani? Kwa nini hukuniita?" Aliongea kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

Émérance alimshika mkono, akaingia naye ndani ya gari, akaelekeza kidole kwenye radio. Élysée akafikiri mama anataka kusikia kazi yake, akamwekea kwaya. Sauti za wanawake zikaingia. Émérance akaziba masikio mawili kwa viganja, amefumba macho, machozi yanatoka yenyewe kwa maumivu.

Alipofumbua, Élysée alikuwa amekwisha kuzima, anamwangalia.

"Ni mbaya?"

Mama akatikisa kichwa kukubali.

"Inakata?"

"Inakata, baba."

Kijana akaangalia mikono yake. Halafu akasema polepole, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo mno, kama hajui tena kipimo chake: "Ile ya juu haifiki tena, mama. Nzito naisikia, mupaka kifuani. Sauti za wanaume nazisikia. Zako wewe... naona mudomo unaenda. Ni kama mutu anaongea nyuma ya ukuta. Naongeza ile ya juu ili nisikie, naongeza, naongeza, na watu wanakimbia."

"Na kilio? Siku ile?" Émérance akauliza uso kwa uso, midomo wazi.

"Kilio gani? Mimi niliona watu wanagonga gari. Moustapha akanieleza baadaye. Niliwaomba radhi wale wafiwa kwa magoti, mama, Mungu anajua. Lakini sikuwaambia kwamba sisikii. Wakijua, kazi imekwisha. Nani atamuita kiziwi apange muzika?"

Émérance alitaka kulia lakini aliogopa kwamba hata kulia kwake mtoto asingekusikia. Ndipo Élysée akamshika magoti, macho yanang'aa.

"Mama, wewe una masikio. Kaa hapa. Mimi nageuza, wewe unaangalia nje tu kama mugeni. Ikikata, unashusha mukono. Ikipungua, unainua. Hakuna atakayejua."

Mama akakubali. Angekataaje?

Siku ile ilikuwa tamu kuliko siku zote za mwaka ule. Walikaa bega kwa bega. Élysée akaweka rumba, akasukuma kifungo, mama akashusha mkono, akasukuma tena, akainua. Kidogo kidogo gitaa likaacha kuuma likaanza kucheka. Wakaweka kaswida, na Émérance, Mkristo wa kwaya, akajikuta anapanga dufu la Waislamu mpaka Moustapha akaja dirishani anapiga makofi. "Maneno yote yanasikika! Mama, umekuja na bahati, nitakuandika kazi!" Wale wanawake wa mchele wakarudi upande wao, mmoja akacheza akiwa na ungo mkononi. Na kila mara Élysée alimwangalia mama yake usoni, akisubiri. Ni miezi mingapi mtu hakumwangalia hivyo? Émérance akaona maisha yao mbele: wanasafiri wote wawili, Wamaza, Nyangwe, kila mahali jeep inapoitwa, yeye kiti cha mbele, mtoto pembeni. Nyumba ya Kasongo na vijiko vyake angeifunga.

Lakini alikuwa mama. Walipotoka garini, masikio yake mwenyewe yalikuwa yanaimba, yanalia nyii, nyii, bila kunyamaza, kwa siku moja tu ya kukaa mle ndani. Akakumbuka, "Yatanyamaza, mama."

Asubuhi ya ndoa alikwenda kwenye kituo cha afya, akamkuta mwanamke muuguzi anaitwa Naomie, akamweleza yote. Naomie akamuuliza kijana anasikia nini, hasikii nini, anakaa humo muda gani. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, nitakuambia bila kukuficha. Kilichokufa ndani ya sikio hakirudi. Hakuna dawa ya matone, hakuna majani, na mafuta ya moto ndiyo usijaribu kabisa. Lakini hakijakufa chote. Kile kilichobaki kinaweza kubaki akitoka ndani ya lile gari. Akiendelea, hata Moustapha hatamsikia."

"Na mimi nikimusaidia kwa masikio yangu?"

"Utamusaidia kumalizia kilichobaki," Naomie akasema. Hakusema kwa ukali.

Émérance akarudi lupango lile akitembea kama mwenye mzigo kichwani. Akamsimamisha Élysée mbele yake kwenye mwanga, akamwambia kwa midomo iliyo wazi, neno baada ya neno. Élysée akasoma yote. Akatabasamu tabasamu la watu wanaoficha.

"Baada ya ndoa hii, mama. Na ile ya Nyangwe, Moustapha amekwisha kuahidi. Halafu nitaacha."

"Leo, baba."

"Leo watu wamejaa! Unataka nichekwe mbele ya watu wote? Kaa tu kwenye kiti. Mukono tu. Mukono wako, mama, si kitu kikubwa."

Watu walijaa kweli. Bwana harusi na bibi harusi wakaingia chini ya matawi, wasichana wanatupa maua, na mwenye sherehe akaagiza wimbo wa kwaya upigwe. Élysée akaanzisha. Kali. Akamwangalia mama yake kwenye kiti cha mbele.

Émérance aliweka mikono yake miwili mapajani.

Élysée akasukuma kifungo juu kidogo, akamwangalia. Mikono mapajani. Akasukuma chini, akamwangalia, macho yanaomba. Mapajani. Mama alikuwa ameminya vidole vyake mpaka vimekuwa vyeupe, na hakuviinua. Hapo kijana akapoteza njia, akasukuma huku, akasukuma kule, sauti ikapiga yowe, watoto wakaziba masikio, bibi harusi akainama, na shangazi mmoja akapiga kelele, "Zimeni lile jini!"

Moustapha akaja mbio akazima mwenyewe. Akamwangalia Élysée, akamwangalia mama. "Kuna nini?"

"Hasikii, Moustapha," Émérance akasema. "Mutoto wangu hasikii tena sauti za juu. Ndiyo maana hakuzima siku ya kilio. Gari lako linamumaliza. Leo anatoka."

Aliyasema mlango ukiwa wazi, na waliokuwa karibu waliyasikia, na waliokuwa mbali waliambiwa. Élysée hakuyasikia, lakini aliziona nyuso zikigeuka moja baada ya nyingine, zinamwangalia kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko matusi yote ya siku ya msiba. Akashuka. Akapita katikati ya watu mpaka barabarani. Harusi ikaendelea kwa ngoma.

Amisi ndiye aliyewarudisha, wote wawili nyuma ya pikipiki moja, Élysée katikati, mama nyuma amemshika kiunoni. Safari hiyo Amisi hakutania. Barabara nzima mgongo wa kijana ulikuwa mgumu kama ubao.

Sasa wako Kasongo. Élysée analima muhogo na mjomba wake, anatoka alfajiri, anarudi akiwa na vumbi. Sauti za watu wazima wanaume bado anazisikia. Hazijapungua zaidi, na Émérance anazipima kila siku bila kumwambia. Zamani alikuwa anaita akiwa jikoni, siku hizi anaacha sufuria, anakuja mpaka mbele yake, anamgusa bega, anasubiri macho yapande, ndipo anauliza utakula nini. Élysée anaelewa. Anajibu kwa vidole: kimoja sombe, viwili maharagwe. Neno bado hajamtolea tangu siku ile ya ndoa. Moustapha amepata kijana mwingine, na jeep ikipita barabarani Élysée anaweka kiganja ukutani, anasubiri mpaka ukuta uache kutetemeka, halafu anarudi kula.

Na wazazi wanaomsimamisha Émérance sokoni kumuuliza kama ni kweli, na kama si uchawi, anawaambia ya kuepuka. Ni haya:

Usimwache mtoto apange muziki ndani ya gari lililofungwa vioo.

Usifungue sauti mpaka mwisho ili kutafuta makosa. Aipange chini, apumzike, atoke nje, arudi.

Usikae karibu na bafle kwenye ndoa, kwenye kwaya, kwenye Maulidi wala kwenye msiba. Sikio halijui wimbo upi ni wa Mungu.

Usiyadharau masikio yanayoimba baada ya kazi.

Usifikiri ni bafle mbovu pale watu wote wanapolia kwamba sauti inakata na anayeipanga peke yake anaona ni sawa.

Usiongeze sauti nyembamba kwa sababu huisikii. Mwulize mwingine.

Usitie mafuta ya moto, maji ya majani wala njiti ndani ya sikio.

Usimwite mtoto mwenye kiburi kabla hujasimama mbele yake ukamwita akiwa anakuona.

Usisubiri ndoa moja zaidi.

Usimwazime masikio yako ili aendelee.